Goti la Kushoto

Kila Jumapili asubuhi, kabla ya kubandika chai, Bi Uzi alimtoa mumewe kabatini na kumtundika mlangoni.

Usishtuke. Hakuwa mume mzima, ilikuwa suti yake tu: suti nyeusi ya kubana mwili, ya kitambaa kinachovutika, iliyoshonewa juu yake waya mwembamba kuanzia kisigino, ukapanda pembeni mwa mguu, ukapita nyongani na ubavuni, ukafika begani, ukashuka mkononi hadi ncha ya kidole, kisha ukafanya vivyo hivyo upande wa pili. Ukiiona mchana utasema mtu amezongwa na kamba akashindwa kujinasua. Lakini funga dirisha, shusha pazia, bonyeza swichi ya kiboksi kilichofungwa kiunoni. Nguo inapotea, hewani inabaki mistari ya buluu, na mistari hiyo ni mtu. Waya wenyewe haupati moto hata kidogo, unaweza kuushika kwa kiganja ukiwa unawaka, ndiyo maana watu wa kazi hiyo wanauita waya baridi. Unaupinda utakavyo, unaushona kwenye pindo la gauni, unauzungusha kwenye ngazi na kingo za jukwaa, nao unatii.

Ubaya wake ni mmoja. Waya baridi hauzeeki kwa miaka, unazeeka kwa kuwaka. Ufungie kabatini, utaukuta kama ulivyouacha. Uwashe, na kila dakika inaondoka na sehemu ya mwanga wake, wala hairudi. Bi Uzi alilijua hilo vizuri sana, maana kushona waya ndiyo kazi iliyompa hata jina. Kwa hiyo alijiwekea kipimo. Aliwasha suti alipobandika chai, akaizima chai ilipochemka. Jumapili ambazo roho ilimsononeka zaidi alijaza sufuria hadi ukingoni, ingawa mnywaji alikuwa mmoja.

Mumewe aliitwa Fundi, na sidhani kama palikuwa na mtu aliyelikumbuka jina lake la kuzaliwa, labda dada yake aliyekuwa na ukumbi wa sherehe. Ni katika ukumbi huo Fundi na mkewe walikoanzisha kazi ya waya baridi. Bi Uzi alishona, Fundi akalehemu ncha na kufunga viboksi. Kila kiboksi kinaugeuza umeme wa betri upate kuuwasha waya, na kinapofanya hivyo kinalia, mlio mwembamba kama wa mbu. Wengine wote mlio ule uliwakera. Fundi aliusoma. Alikuwa na uwezo wa kukaa chumba cha pili anakunywa maji, akasema gauni lile la kijani lina waya uliokatika karibu na kwapa, na Bi Uzi akilipapasa anakuta kweli.

Siku moja, kabla hawajawa na suti yoyote, Fundi alianguka kutoka kwenye ngazi akifunga taa za dari. Goti la kushoto liliumia na halikurudi sawasawa. Tangu hapo mguu wa kulia ulikwenda kama miguu ya watu, lakini wa kushoto ulizunguka kwanza nje, ukasita kidogo kama unaochungulia pa kukanyaga, ndipo ukatua. Bi Uzi aliwahi kusema kwamba alijua mumewe yuko ngazi ya ngapi bila kuinua macho kwenye cherehani: kishindo, kimya, kishindo, kishindo, kimya, kishindo. Kimya kile cha katikati kikirefuka, alijua amechoka. Kikifupika, alijua amekuja na habari.

Kwa hiyo alipomshonea suti hakumpima amesimama, alimpima akitembea. Alimwambia aende mpaka ukutani na kurudi, yeye akimfuata amechuchumaa na chaki mkononi, na Fundi akilalamika kwamba anatembezwa kama mbuzi wa mnadani. Nyongani upande wa kushoto Bi Uzi aliulaza waya kwa upinde wa kutoka nje. Gotini aliacha kitanzi, waya wa ziada, ili mguu ukizunguka usivute na kukata. Usiku wa kwanza Fundi alipowatangulia maharusi gizani, watu walidhani ule ni mtindo. Walipiga makofi mpaka mikono ikawawasha. Vijana wa mtaani wakauiga mwendo, wakaubatiza jina la Fundi, na kwa muda fulani ungeweza kusimama dirishani ukaona mtaa mzima unachechemea kwa hiari yake.

Halafu ikaja kampuni ya maonyesho, ile inayozunguka nchi za watu na jukwaa lake na taa zake. Ilimtaka Fundi ashughulikie taa kwa mkataba wa mwaka mmoja. Aliaga, akaacha suti kabatini kwa sababu alikuwa anarudi, na kweli alikuwa anarudi. Mkataba ulipoisha ukaongezwa. Ulipoisha tena ukaongezwa tena. Huu ukiisha narudi, alisema kila mara, na Bi Uzi hakuwahi kusikia uongo katika sauti yake. Labda ingekuwa rahisi kama angeusikia.

Walizungumza kwa simu. Mtandao ukiwa mzuri walionana, Fundi ameketi mahali fulani nyuma ya jukwaa la watu, anaonekana kuanzia kifuani kwenda juu. Hivyo Bi Uzi alikuwa na mume wa mafungu mawili: kuanzia kifuani kwenda juu alikuwa kwenye simu, kuanzia shingoni kwenda chini alikuwa kabatini. Wifi yake alimwambia ashukuru, kuna wanawake wanalala na mume mzima na hawana hata fungu moja.

Huyo wifi ndiye dada yake Fundi, mwenye ukumbi. Alikuwa mwanamke wa mdomo mpana na moyo mpana zaidi, na siku aliyoingia katika chumba cha ushonaji bila kusema neno, akavuta kigoda na kuketi, Bi Uzi alijua kuna jambo. Likatoka. Kuna bibi harusi ameiona video ya zamani ya ukumbi wao, ya mtu wa mwanga akiwatangulia maharusi kutoka mlangoni hadi jukwaani, na sasa hasikii la mtu wala la mama yake. Anataka mtu wa mwanga.

Bi Uzi alimjibu kwamba mzigo mpya wa waya umekwama bandarini, na uliobaki unatosha ukingo wa jukwaa na pindo la gauni la huyo bibi harusi, basi. Hana waya wa kushona mtu.

"Sisemi ushone mtu mwingine, wifi yangu," alisema Wifi. "Nasema yule uliye naye."

Bi Uzi alikataa. Alisema suti ile imechoka, inaweza kuzima katikati ya ukumbi na kuwaaibisha. Alisema si mali ya ukumbi. Alisema na mengine, yote ya maana, huku akishona mshono uliokwisha kushonwa. Wifi hakubishana naye hata kidogo, jambo ambalo halikuwa kawaida yake. Alisimama, akafuta vumbi la chaki nyuma ya gauni lake, akafika mlangoni.

"Tangu aondoke umeiona imening'inia tu," alisema. "Hutaki kuiona ikitembea?"

Akaenda zake, na maneno yake yakabaki chumbani. Jioni ile Bi Uzi aliunguza wali. Kesho yake aliungua mwenyewe kwa pasi. Keshokutwa alimpigia wifi yake na kumwambia sawa, ila ni kwa ajili ya ukumbi tu, jina la ukumbi lisije likaharibika. Uongo mtupu. Ukumbi haukumjia akilini hata mara moja. Alikuwa na njaa ya kuuona mguu ule ukizunguka, njaa hasa, ya kumkosesha mtu adabu.

Wa kuivaa alikuwa mchezaji mmoja aliyeitwa Springi, mtu mzima mwenye watoto wake, mpole, mwenye viungo vilivyotiwa mafuta. Kimo chake na cha Fundi kilikaribiana. Walimvalisha alasiri moja ukumbini, wakafunga milango, wakashusha mapazia mazito mpaka giza likawa la kweli. Bi Uzi na Wifi walikaa kwenye viti vya mbele. Kiboksi kikalia. Mistari ya buluu ikasimama kule mlangoni, mabega, mikono, nyonga, na goti la kushoto limepinda kidogo mbele. Bi Uzi alijishika kitini.

Kisha ikatembea, na hakuwa yeye. Springi alitembea vizuri, vizuri mno, mguu mosi mguu pili, na upinde wa nyongani ukamganda ubavuni bila kazi, na kitanzi cha gotini kikawa kinapepea pembeni kama kamba ya kiatu iliyofunguka. Bi Uzi hakujua alikuwa ametarajia nini. Alijua tu kwamba alikuwa ameibiwa kitu mbele ya macho yake, na mwizi hana kosa.

Basi akafanya jambo ambalo sitalitetea. Aliinuka, akaenda gizani mpaka kwa Springi, akaanza kumfundisha mwendo wa mumewe. Alimwambia mguu wa kushoto usiupeleke mbele, uzungushe nje. Usite kabla ya kukanyaga. Hapana, umesita mno, huyo ni mgonjwa. Usiyumbishe kichwa, kichwa chake hakiyumbi, anakibeba kama kina maji. Springi alijaribu. Alijaribu kama mtu anayepanda baiskeli ya mtoto, kisha kama mlevi, kisha kama askari aliyechomwa na mwiba. Wifi alicheka mpaka akaomba msamaha.

Kisha, bila kutazamiwa, akaupata. Hatua chache tu. Mguu ukazunguka nje, upinde wa nyongani ukafunguka, kitanzi cha goti kikajaa, mguu ukachungulia, ukatua. Kishindo, kimya, kishindo. Kule kwenye viti kicheko cha Wifi kilikatika.

"Kaka," alisema Wifi taratibu, si kwa mtu yeyote.

Bi Uzi alikuwa analia na hakujificha, giza lilikuwepo la kumsitiri. Alitamani kukimbilia mistari ile na kuishika kiunoni. Alitamani mapazia yasifunguliwe.

"Tena," alisema.

Springi akarudia. Tena, akasema Bi Uzi, na tena, mpaka nyonga ya mwanamume wa watu ikaanza kumuuma na betri ikaanza kuchoka, na kwa mara ya kwanza tangu mume aondoke Bi Uzi alikuwa ameusahau kabisa ule umri wa waya aliokuwa akiulinda kwa masufuria ya chai.

Mazoezi ya pili yalikuja na wageni. Shangazi wa bibi harusi aliletwa kuona kitakachofanyika, mwanamke nadhifu aliyeketi na mkoba wake mapajani kama anayesubiri daktari. Mapazia yakashuka, Springi akatembea mwendo wa Fundi kutoka mwanzo hadi mwisho, na sasa alikuwa ameuzoea, aliuweza. Mapazia yalipofunguliwa shangazi alikuwa anatafuta maneno ya heshima na hakuyapata.

"Inapendeza sana," alisema mwishowe. "Ila huyu bwana anachechemea. Tunawaombea watoto wetu waanze safari na mguu mzima, mama. Haiwezekani akatembea tu?"

Springi alisema anaweza. Alisema haraka kidogo, na hakumtazama Bi Uzi. Kisha akatoa lingine alilokuwa nalo moyoni siku zote: kwamba yeye ni mchezaji, na mwisho wa njia, mbele ya maharusi, angependa apige goti moja, la kushoto, afungue mikono. Shangazi alipenda. Wifi alimtazama Bi Uzi. Bi Uzi alisema ni sawa, atarekebisha suti, na sauti yake ilikuwa ya kawaida kabisa, sauti ya mtu anayeulizwa kama chumvi imekolea.

Lakini kukata hakukata. Nyumbani aliukunja waya wa ziada wa gotini pamoja na ule wa upinde, akaufunika kwa utepe mweusi, akaushona kwa ndani ya kitambaa. Ulikuwa bado upo, ila hauonekani. Alijipongeza. Fundi akirudi atakata nyuzi mbili tatu, goti litarudi mahali pake kama lilivyokuwa. Alitia suti mfukoni akaipeleka ukumbini kwa furaha ya mtu aliyekwepa ushuru.

Springi alitembea, mwendo wake mwenyewe, mzuri. Alifika mbele, akapiga goti. Uzito wote ukaangukia pale palipokunjwa. Mguu mzima wa kushoto ukamemeteka, ukazima, ukawaka, ukazima. Aliposimama alikuwa anajisugua. Alisema kitu kimemfinya halafu kikamtekenya, kama umeme vile. Bi Uzi alimvua suti pale pale, akapapasa goti, na chini ya utepe akakuta waya umeanza kupasuka ganda. Ukiuacha hivyo, harusi itaishia na mtu wa mguu mmoja, tena mwenye kurushwa na umeme mbele za watu. Hapakuwa na njia ya kupita pembeni.

Alikaa na suti ile mezani mchana kutwa, mkasi ukiwa karibu. Kazi yenyewe ilikuwa ndogo. Alikuwa ameshakata waya maelfu ya mara, na kulehemu alijifunza siku nyingi, ilibidi. Alijua pia kitakachofuata. Kiboksi kile kilipimwa kwa waya wa urefu ule, na Fundi ndiye aliyekipima. Ukirefusha waya, mwanga unafifia na mlio unakuwa mzito. Ukiufupisha, mlio unapanda na mwanga unakuwa mkali kuliko mwanzo, na umri wa waya unakwenda mbio. Kwa hiyo angekuwa anakata goti la mumewe na siku za mumewe kwa mkasi mmoja. Alimlaani bibi harusi, ambaye hajamkosea lolote. Akamlaani Wifi na ulimi wake. Mwisho akamgeukia Fundi mwenyewe, akaiambia suti ile kwa sauti kwamba kama angekuwa hapa wala asingekuwa na haja ya kuchagua. Kisha akajikaza, akakata.

Kipande kilichotoka kilikuwa na urefu wa mkono wake, kimepinda pale kilipokuwa kimepinda miaka yote. Alijaribu kukinyoosha mezani. Kilikataa, kikarudi kwenye umbo la goti. Alikitia mfukoni mwa aproni.

Siku ya harusi ukumbi ulijaa. Mapazia yalishushwa mchana wa jua kali, watu wakanyamaza, na ukingo wa jukwaa ukawaka kijani, kisha ngazi, kisha kule mlangoni akasimama mtu wa mwanga. Ukumbi mzima ulivuta pumzi. Bi Uzi, aliyekuwa amesimama nyuma ya jukwaa, alivuta pia, maana hakuwa ameiona suti ikiwaka hivyo hata ilipokuwa mpya. Buluu ilikuwa kali mpaka ilitupa mwanga kwenye nyuso za watu wa pembeni. Ilitembea kwa miguu miwili iliyo sawa, ikawapitisha maharusi katikati ya watu, na nyuma yake pindo la gauni likafuata kama maji. Mbele ilipiga goti, ikafungua mikono. Makofi yaliyopigwa siku ile Wifi aliyasimulia mwezi mzima, akiyatia chumvi kila siku kijiko kimoja.

Bi Uzi alipiga makofi na wenzake. Ilikuwa kazi nzuri na alijua ni kazi yake. Ila alijikuta anaitazama kama anavyotazama magauni mengine yote, anakagua mishono, anatafuta makosa, na alipogundua hilo alirudi chumba cha nyuma na kukaa.

Springi aliingia akitweta na kung'aa jasho, akamshukuru kwa mikono miwili, akavua suti na kuitundika msumarini, akakimbilia chakula. Aliisahau ikiwaka. Bi Uzi alikuwa anainuka kuizima simu ilipoita. Ni Fundi, kwenye mapumziko yake huko aliko. Mtandao ulikuwa dhaifu, hakukuwa na picha, sauti tu. Walisalimiana. Aliuliza kama amekula, akasema dada yake amemwandikia kwamba leo kuna harusi kubwa. Kisha akanyamaza kidogo, na Bi Uzi aliujua unyamavu ule, wa mtu anayesikiliza chumba cha pili.

"Hiyo inayolia hapo ni suti yangu?" aliuliza.

Bi Uzi alisema ndiyo.

"Mbona inalia juu? Umekata waya."

"Nimekata."

"Wapi?"

"Gotini."

"Goti lipi?"

"Kwani unalo jingine bovu?" alisema, na sauti ikamkatika katikati ya utani.

Alisubiri. Alitaka mumewe akasirike. Alitaka aseme kwa nini umeligusa, na suti ile si mali ya mtu mwingine, na mimi nikirudi nitavaa nini. Alikuwa na majibu yake yote tayari, na baada ya majibu alikuwa na maombi ya msamaha, na baada ya msamaha alikuwa na maneno mengine ambayo hakuwahi kuyasema kwa simu.

Fundi alicheka kidogo, kicheko cha haya.

"Basi umefanya la maana," alisema. "Goti lile lilishatengenezwa, mke wangu. Kampuni ilinipeleka hospitali mwaka juzi, wakalifungua, wakalifunga. Sikukwambia. Nilisema nitakuja kimya kimya, unisikie nikipanda ngazi kama watu, ushtuke. Nikawa naingoja siku hiyo. Halafu wakaongeza mkataba."

Bi Uzi aliitazama suti msumarini. Mwaka juzi. Jumapili zote zile, chai zote zile, alikuwa amelinda goti ambalo halikuwepo tena popote duniani isipokuwa mlangoni pake na, sasa, mfukoni mwa aproni. Aliingiza mkono akakishika kile kipande. Hakuwa na hasira naye. Mtu amepona, utamkasirikia vipi? Furaha pia ilikuwepo, aliisikia, lakini ilikuwa mbali, kama ya habari njema za jirani.

"Halikuumi tena?" aliuliza.

"Hata baridi ikiwa kali."

"Na unatembeaje siku hizi?"

"Kawaida tu. Ninatembeaje tena? Kama watu."

"Tembea basi. Nisikie."

Fundi alidhani anatania. Alipoona hatanii alisema ngoja, hapa kuna zulia, na akasikika akifungua mlango na kutoka kwenye korido ya sakafu ngumu. Akaishusha simu karibu na miguu. Bi Uzi aliibana ya kwake sikioni, akafumba macho, kule msumarini kiboksi kikiendelea kulia na yeye hakwenda kukizima.

Hatua zilianza. Kishindo, kishindo, kishindo, kishindo. Alizifuata moja moja, akikisubiri kile kimya cha katikati. Hakikuja. Zilikwenda mpaka mwisho wa korido ile ya nchi za watu, nyepesi, sawasawa, hatua za mtu mwenye afya yake, na kama zingepanda ngazi za nyumba yake jioni hii asingeinua kichwa kwenye cherehani. Angedhani ni mpangaji wa juu.

"Umesikia?" Fundi aliuliza, anahema kidogo, anajivuna kama mtoto.

"Nimesikia," alisema Bi Uzi. "Tena. Na uende taratibu, nijifunze."